Shajara ya mradi: kidahizo cha 12, "chilly"

3 Machi

Vidahizo, yaani maneno ya kufasiliwa, 11 vimekwisha, vimebaki 29. "Sunny" na "rainy" havikunipa shida. "Foggy" nimekimaliza kwa muda wa kikombe kimoja cha chai, nimekaa barazani hapa Lushoto, na ukungu wenyewe unapita chini ya miguu yangu kama unachungulia ninachoandika.

Kwa atakayeisoma shajara hii bila kujua ilikoanzia: ninatunga kijitabu cha maneno 40 ya Kiingereza yanayohusu hali ya hewa. Wasomaji wake ni wanafunzi wangu wa kidato cha pili, pamoja na watu wetu wanaokwenda kuishi Uingereza. Hawa wa pili niliwaongeza baada ya mpwa wangu kwenda kusoma Glasgow na kuanza kunitumia ujumbe wa sauti usiku wa manane. "Mjomba, wewe ulinifundisha 'cold', basi. Huku baridi ina majina kama ukoo mzima." Kweli, nilimfundisha mimi. Deni ni langu.

Kila kidahizo kinapata matamshi, kategoria, fasili, mifano miwili na mstari wa tahadhari. Nusu ukurasa, isizidi.

Leo nimeingia kwenye "chilly". Rasimu: kivumishi, -enye baridi kiasi. Nimeitazama, nimeridhika, nimefunga daftari. Kesho "nippy".

5 Machi

Hakuna cha "nippy". Tumerudi nyuma.

Nimeipeleka rasimu darasani, ila fasili nimewaficha kwanza. Nimeandika ubaoni sentensi tatu zenye "chilly" nikawaambia wazitafsiri wanavyoelewa. Ya kwanza inahusu asubuhi, ya pili chumba, na ya tatu bwana harusi aliyepata "a chilly welcome" kwa wakwe zake, yaani hawakumfurahia.

Asubuhi imekuwa "asubuhi yenye pilipili", tena si kwa mwanafunzi mmoja. Nimewauliza wameitoa wapi, wakanishangaa mimi. Si kwenye chipsi! Mkaanga chipsi yeyote anakuuliza akuwekee tomato na chili au la. Na kwa upande wa matamshi hawajakosea hata chembe, maana "chilly" ya baridi na "chilli" ya pilipili hutamkwa sawasawa; yanatengana kwenye maandishi tu. Chumba nacho kimekuwa "chumba cha kupumzikia", kwa sababu vijana siku hizi wanachili: wamekaa, wametulia, hawana presha na mtu.

Sentensi ya tatu ndiyo iliyonikalisha. Binti wa dawati la mbele, mmoja wa wachache waliojua kwamba neno linahusu baridi, ameandika: "Familia ya bibi harusi ilimkaribisha kwa vinywaji baridi."

Darasa limecheka na mimi nimecheka. Nimefika nyumbani, nimefungua daftari, kicheko kikakata. Ukiishika fasili yangu ya juzi, yaani -enye baridi kiasi, kisha ukaipeleka ukweni siku ya harusi, unafika palepale alipofika binti. Kosa liko kwenye daftari langu.

8 Machi

Jumla ya kazi ya leo: kuchimba asili ya maneno, na kupotea njia mara mbili.

"Chilly" limezaliwa na "chill", na "chill" ni neno la Kiingereza cha kale kabisa, ukoo mmoja na "cold" na "cool". Ile -y ya mwishoni inafanya kazi ya -enye yetu, na umbo hilo lilianza kuonekana karne ya 16. Ukoo huu una ndugu upande wa Kilatini, gelu, yaani jalidi, na huko ndiko ilikotoka hata jeli. Pilipili haina undugu nao wowote: "chilli" ni neno la Kinahuatl, lugha ya Waazteki wa Meksiko, lililopita kwa Wahispania kabla ya kufika kwa Waingereza. Halafu kuna nchi ya Chile, ambayo jina lake wapo wanaolihusisha na chiri, neno la Kikechua lenye maana ya baridi. Hapo nimepoteza saa nzima. Hakitaingia hata kimoja kijitabuni. Nimeyaandika hapa ili yaniache nilale.

Kilichonifaa kimetoka upande wetu. Baridi ni neno la Kiarabu, mzizi b-r-d, na mzizi huohuo ndio uliotupa burudisha, burudika na burudani. Nimefundisha lugha miaka yote hii bila kuyakalisha maneno hayo mkeka mmoja. Kumbe anayekwenda kwenye taarabu kuburudika, kwa asili ya neno, anakwenda kupozwa. Anayekunywa maji anapoza koo. Aliyekuwa na hasira akisamehe, moyo umempoa. Na mtu ukimuuliza "Mambo?" anakujibu "Poa", maana yake hakuna kinachomuunguza.

Lugha hii imelelewa pwani, kwenye jasho na chumvi, ambako ubaridi ni zawadi. Muuza duka anakuuliza soda ya baridi au ya moto, na hiyo ya moto hakuna aliyeichemsha; ni ile tu ambayo haijalala kwenye friji. Kiingereza kimelelewa kwenye kisiwa ambako baridi huingia kwa chini ya mlango na kukaa na wewe miezi mitano. Sasa mimi nataka kulichukua neno la kulalamika la watu hao nilivishe neno la shukrani la watu wa pwani. Ndiyo maana bwana harusi amepewa soda.

9 Machi

Mama mkwe amekuja kututembelea kutoka Pangani. Amejitanda khanga mbili na juu yake koti la mke wangu. Lushoto humshinda kila mara; Wajerumani walipapenda kwa sababu hiyohiyo ya ubaridi, wakapaita Wilhelmsthal, lakini mama anasema Wajerumani walizoea taabu.

Baada ya chakula nimemwomba radhi nimsomee sentensi.

"Mama, nisikilizie hii. 'Wakwe walimpa mapokezi ya baridi.' Walimfanyaje?"

Amefikiri kidogo. "Walimpokea vizuri, baba. Wamemkalisha penye upepo, wamempa madafu, moyo wake ukatulia. Kwani kuna nini?"

"Kwa Waingereza maana yake hawakumfurahia."

"Basi sema hawakumfurahia. Sema walimpokea kikavu."

Nimeandika neno hilo palepale, kwenye kiganja, kwa sababu daftari lilikuwa chumbani na nisingeweza kuinuka mbele yake kama niliyechomwa.

Kikavu! Salamu kavu. Majibu makavu. Na vijana wangu, walewale wa kuchili, wanasema "kanikaushia" mtu akiwapita kama hajawaona. Kile ambacho Mwingereza anakiweka kwenye baridi, sisi tumekiweka kwenye ukavu: mtu asiyekutaka hakupozi, anakukaushia. Najua magazeti yanaandika kwamba uhusiano wa nchi fulani na fulani umeingia ubaridi, na Vita Baridi tumeikubali zamani wala siigombi. Lakini hizo ni habari za serikali. Ukweni, mlangoni, mezani, neno lililo hai ni kavu. Tahadhari moja ya kuweka: macho makavu ni kitu kingine, ni ya mtu asiye na haya.

22 Machi

Mpwa ametuma ujumbe wa dakika sita. Naufupisha.

Anakaa nyumba ya kupanga pamoja na mama mwenye nyumba, mzee mmoja mpole. Juzi jioni mpwa amepika samaki, akafungua dirisha la jikoni harufu itoke, akakaa kula. Yule mama akaingia, akajikumbatia mabega, akasema kwa tabasamu, "It's a bit chilly in here, isn't it?" Mpwa akajibu kwa adabu zote kwamba ndiyo, ni kweli, akaendelea na samaki wake. Mama akasimama kidogo. Akasema tena kwamba mwezi huu umekuwa na baridi. Mpwa akakubali tena. Mama akaondoka. Kesho yake mwenzake wa chumba cha pili akamwambia: "Ungefunga dirisha jamani, alikuomba mara mbili."

"Mjomba, aliniomba saa ngapi?"

Nimesikiliza nikijisemea kwamba huyu binti amekulia Tanga na kwa mafumbo nilidhani hayupo wa kumweza. Bibi yake angesema tu, "Mlango huu leo umesahaulika," na wajukuu watatu wangenyanyuka kwa pamoja. Fumbo lilikuwepo, alichokosa ni kujua kwamba "chilly" limo katika maneno ya kufumbia. Uzito wote upo kwenye "a bit". Kwa maana ya neno kwa neno ni "kidogo", na ndiyo maana linadanganya. "A bit chilly" ya Mwingereza akiwa ndani ya nyumba yako au yake haisemi baridi ni kidogo. Inasema: fanya jambo, ila nisikulazimishe kwa kulitaja.

Mfano huu unaingia. Nusu ukurasa imeshajaa, na sijali.

26 Machi

Mwalimu mwenzangu wa Jiografia ameniona ofisini na daftari, akataka kuniokoa. Kwa maoni yake ninahangaika bure, dawa ni vipimo. "Cool" nyuzi 15 mpaka 20, "chilly" 5 mpaka 15, "cold" chini ya hapo, "freezing" sifuri kwenda chini. Ngazi safi, mwanafunzi anakariri, mtihani anafaulu. Nimeichora. Ilipendeza sana, lazima niseme.

Akaongezea somo la upepo, na hili ni lake kwa haki. Mpwa alikuwa amenitumia picha ya simu yake kituoni: nyuzi 5, na chini yake maandishi kwamba mwili unahisi kama sifuri. Alidhani simu imeharibika. Mwenzangu akaeleza kwamba kuna hesabu ya upepo na ubaridi, inayoitwa "wind chill". Chimbuko lake ni Wamarekani wawili, Paul Siple na Charles Passel, waliopima Antaktika muda ambao maji ndani ya chombo cha plastiki huchukua kuganda kwenye upepo wa kasi mbalimbali. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 1945. Kanuni inayotumika Marekani na Kanada tangu 2001 ni nyingine, iliyorekebishwa. Tumepiga hesabu pamoja: nyuzi 5 na upepo wa kilomita 30 kwa saa inatoa karibu sifuri kabisa. Simu ilikuwa nzima. Upepo unaiondoa ile hewa ya uvuguvugu inayoshikana na ngozi, na mwili hauna muda wa kuitengeneza nyingine.

Hapo nimekumbuka jambo la upande wetu. Kiganda kina neno empewo, nalo ni upepo na ni baridi, yote mawili kwa pamoja. Kikikuyu kina heho, baridi, ambalo kwa mzizi ni ndugu wa upepo wetu. Wabantu wa bara hawakuhitaji kwenda Antaktika. Ni sisi Waswahili tuliomwachia upepo kazi moja na kuikopa baridi kwa Waarabu.

17 Aprili

Masika. Umeme haupo siku ya tatu, karatasi za mtihani zimejaa meza, daftari la mradi liko chini yake mahali fulani. Hakuna kilichoandikwa.

14 Juni

Likizo. Nimelifukua daftari. Ngazi ya mwalimu wa Jiografia bado inapendeza, na leo imevunjika.

Kipupwe kimeingia. Asubuhi hii kipimajoto changu cha barazani kimesoma nyuzi 16. Nimevaa sweta, juu yake shuka la kimasai, jiko la mkaa liko karibu na magoti. Jirani kapita na kofia ya sufu, tukasalimiana kwa kulalamika: "Kibaridi leo!" "Ee, kibaridi kweli."

Saa chache baadaye mpwa ananitumia picha ya bustani moja Glasgow. Watu wamelala kwenye majani, mikono wazi, wengine wameivua hata fulana, jambo ambalo Waglasgow wana msemo wake kabisa, "taps aff". Chini ya picha: "Mjomba, leo 16." Yeye mwenyewe alikuwa na koti. Alipowaambia wenzake "I'm a bit chilly" walimtazama kana kwamba ameomba jiko.

Nyuzi 16 hapa, nyuzi 16 kule. Huku neno linafaa bila ubishi, kule linachekesha. Basi "chilly" si kipimo. Ukilitamka unasema kwamba baridi iliyopo, iwe ndogo namna gani, imekuvuka na hukuitaka. Mpaka wake na "cool" hauko kwenye kipimajoto; uko pale mwili unapoanza kutafuta nguo. "Cool" unaweza kulisifu. "Chilly" hakuna anayelisifu. Kibiashara pia ndivyo: hakuna kinywaji kinachouzwa kwa kuitwa "chilly", kinaitwa "chilled", kilichopozwa. Isipokuwa Nyuzilandi, ambako kasha la kubebea barafu na vinywaji linaitwa "chilly bin", na hao tuwaachie.

Nimeipiga mstari ngazi yote. Nitamweleza mwenzangu shule ikifunguliwa, kwa upole.

Na kumbe neno lenyewe nimelisema mwenyewe asubuhi, na jirani. Kibaridi. Ki- ya kudogosha, lakini sikiliza jinsi inavyotamkwa: haipunguzi baridi, inaidharau. Ni kinuno kidogo ndani ya neno. Miezi mitatu nimezunguka na lilikuwa barazani.

28 Juni

Leo nimesafisha maneno ya Uskoti, kwa sababu mpwa anasisitiza yaingie. Glasgow baridi ikizidi kabisa mtu husema "it's baltic", kwa jina la Bahari ya Baltiki, na siku ya mawingu, manyunyu na huzuni huitwa "dreich". Yote mawili nimeyaweka kwenye mstari mmoja wa pembeni. "Dreich" natamani tungekuwa nalo. Aprili yote ya Lushoto ni "dreich".

Nimehamisha pia "chilling" kwenye tahadhari. Mwanafunzi akiliona atadhani ni "chilly" iliyoongezwa nguvu, au atarudi kule kwa kuchili, wakati habari ikiitwa "chilling" maana yake inatisha, inasisimua mwili kwa hofu. Na kuna jambo la kisarufi linalowaangusha wengi: Mwingereza husema yeye ndiye "chilly", sisi husikia baridi au huiona. Nimeshapokea insha yenye "I hear cold". Nilimpa alama ya ubunifu, moyoni tu.

7 Julai

Kitomeo, yaani kidahizo na maelezo yake, kilivyo mpaka leo, baada ya miezi minne (mstari wa pembeni nimeuacha):

chilly. Tamka kama chili ya kwenye chipsi. Kivumishi. 1. (hewa, mahali, siku) -enye kibaridi. -Enye ubaridi usiopendeza hata kama si mkali: Funga mlango, humu ndani kuna kibaridi. 2. (mtu) anayesikia baridi kiasi cha kutaka nguo: Nasikia baridi, niletee sweta. 3. (mapokezi, jibu, sauti) -kavu. -Siyo na bashasha: Walimpokea kikavu. Tahadhari: ukiambiwa "it's a bit chilly" ndani ya nyumba, angalia dirisha kabla ya kujibu. Usilitumie kusifu kinywaji. Halihusiani na pilipili wala kuchili. "Chilling" ni kitu kingine: inayotisha.

Ni robo tatu ya ukurasa. Nimejisamehe.

Shule imefunguliwa jana, leo nimerudisha sentensi zilezile tatu ubaoni, safari hii na kitomeo mkononi mwao. Pilipili imebaki kwa mmoja, naye nadhani alikuwa anatania. Binti wa dawati la mbele ameniletea daftari lake mwenyewe, bila kuitwa. Sentensi ya tatu:

"Wakwe walimpokea kikavu, hata soda hawakumpa."

Vimebaki 28. Kesho "nippy".